Visiki Vilivyokuwa Hai

(Mazungumzo ya mwenzetu, Bwana Miti mstaafu, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Kigoma)



Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumze kwa dakika 20 juu ya uoto wa asili wa mwambao huu wetu, na akaongeza kwamba baada ya mazungumzo yangu mkutano utapitisha azimio la kupanda miti kwenye mlima ulio nyuma ya shule, kwa kuwakumbuka wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Inaelekea Katibu alidhani kwamba mtu aliyekula mshahara wa misitu kwa zaidi ya miaka 30 hawezi kuja hapa ila kwa kulipigia debe azimio hilo. Namwomba radhi mapema. Nimekuja kuwaombeni msilipitishe, au walau msilipitishe kama lilivyoandikwa.

Nianze na mlima wenyewe, maana sote tuna deni nao. Mtakumbuka Jumamosi za kuni. Baada ya mchakamchaka na uji, bweni kwa bweni, tulipanda mlimani na mapanga na kamba, na kila mmoja alitakiwa arudi na mzigo ambao mpishi angeukubali. Mpishi wetu, Mungu amrehemu, hakukubali fito. Nilipoingia kidato cha kwanza mwaka 1973, miyombo ilianzia nyuma ya bweni la mwisho, na mtu mwepesi aliweza kumaliza zamu yake kabla umande haujakauka. Nilipofika kidato cha nne tulikuwa tukivuka mgongo wa mlima na kuteremka upande wa pili. Tulinung'unika juu ya urefu wa safari, lakini sikumbuki hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini safari ilikuwa ikirefuka. Asubuhi za wiki tulichora mmomonyoko wa udongo katika madaftari ya jiografia, kwa rangi ya kahawia. Jumamosi tulikwenda kuutengeneza.

Kisha kila mwezi wa Agosti mlima ulishika moto. Mara wawindaji wa panya, mara mtu aliyetaka majani mabichi kwa mbuzi wake, mara hakuna aliyejua. Usiku tulikaa nje ya mabweni tukitazama mistari ya moto inavyopanda, na tulifurahi kama watu wanaotazama fataki za sikukuu.

Nilimaliza shule, nikapelekwa Chuo cha Misitu cha Olmotonyi, na mwaka 1979 nikarudi mkoani humu nikiwa na viatu vya serikali na maarifa mengi. Muda si mrefu ikaja kampeni ya "Misitu ni Mali". Wakubwa wenzangu mnaikumbuka: redio, mabango, vitalu vya miche, na kila kijiji kuwa na shamba lake la miti. Shabaha ilikuwa njema na sina neno baya juu yake. Ninayo maneno juu yangu mwenyewe.

Nilipewa kijiji kimoja cha pwani kaskazini ya mji, ambacho sitakitaja kwa kuwa wengine wenu ni wakwe zangu huko. Juu ya kijiji kulikuwa na kilima ambacho macho yangu ya Olmotonyi yaliona kuwa ni ardhi tupu. Kusema kweli hakikuwa kitupu. Kilikuwa na visiki vya mitundu, mikusu na mininga vyenye machipukizi ya kimo cha goti, vikikatwa na kuungua na kuchipua tena kila mwaka. Mimi nikaviita vichaka. Nikawaamuru wanakijiji wavifyeke na kung'oa visiki, tupate nafasi ya kuchimba mashimo ya mikaratusi kwa mistari iliyonyoka. Kung'oa kisiki cha mtundu si kazi ya mchezo. Tulitumia majembe na sururu karibu mwezi mzima.

Alikuwapo bibi mmoja aliyekuwa na shamba la muhogo chini ya kilima. Alikuja akasimama na jembe lake begani, akatazama kwa muda, halafu akasema, "Bwana Miti, mwanangu, mbona unang'oa miti ili upande miti?" Vijana wakacheka, nami nikacheka. Jioni ile niliandika katika taarifa yangu kwamba baadhi ya wananchi hawajaelewa umuhimu wa kampeni.

Mwaka wa kwanza mchwa walikula sehemu kubwa ya miche. Mwaka wa pili majani, kwa kuwa hayakuwa na kivuli cha kuyazuia, yalipanda kufika kifuani, na moto wa Agosti ukamaliza iliyobaki mlimani. Iliyostawi ni ile ya bondeni tu, karibu na chemchemi, nayo ilistawi kwa kuinywa chemchemi. Ikafika wakati mwezi wa Septemba pale pakawa tope la kukanyagwa na mbuzi, na kina mama wakateremka ziwani kuchota maji. Halafu ukaja msimu mmoja wa mvua kubwa, kilima kikaachia. Tope lilishuka usiku, likafunika muhogo wa yule bibi na kuingia ndani ya nyumba yake hadi kimo cha kitanda. Yeye aliokolewa, mbuzi wake hawakuokolewa. Sisemi kwamba ni mimi peke yangu niliyeleta tope lile. Wengine walikuwa wamelima mteremko ule kwa matuta yaliyoelekea chini, na mvua ilikuwa mvua kweli. Lakini mizizi iliyokuwa imeushika udongo ule kwa miaka mingi niliing'oa mimi, kwa amri, na nilipeleka hesabu yake ofisini kama kazi iliyofanyika.

Nilikwenda kumpa pole kwa mwanawe alikohamia. Akanitandikia mkeka, akaniletea maji, akaniuliza, "Miti yako haijambo, Bwana Miti?" Hakuniuliza kwa dhihaka. Nilijibu kwamba haijambo. Sikumwomba radhi siku ile, na siku nyingine haikupatikana.

Sasa niwaelezeni nilivyokuja kujifunza, na ninatumaini vijana wa sayansi watasikiliza hapa.

Jirani zetu wa Gombe mnawafahamu. Eneo lile lilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1943 na kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968. Watu wengi wakisikia Gombe hufikiri sokwe, na ni haki, kwa kuwa marehemu Dk. Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alishuka pwani ile tarehe 14 Julai 1960 na kuijulisha dunia nzima. Lakini sokwe hali hewa. Anakula matunda, majani na mbegu, kwa hiyo waliomchunguza sokwe walilazimika kuichunguza mimea. Mwaka 1979 Clutton-Brock na Gillett walichapisha uchunguzi wa misitu ya Gombe, wakieleza miti gani inakaa wapi na pamoja na ipi.

Neno kubwa hapo ni "pamoja". Ukipanda Gombe kutoka ziwani, ambako uso wa maji uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, hadi kwenye mgongo unaopita mita 1,500, unapita katika jamii za mimea zilizo mbali kama vile umevuka mikoa. Mabondeni, kando ya vijito, kuna msitu wa kijani mwaka mzima, wenye mikuyu na kamba za porini. Mitelemkoni kuna miyombo na miti mingine inayopukutisha majani wakati wa kiangazi. Juu kabisa ni majani matupu yanayopigwa na upepo. Mti haukai mahali kwa kupenda wenyewe tu. Unakaa kwa sababu ya udongo, maji, moto, na majirani zake.

Na baadhi ya majirani hao hawaonekani. Kina mama wanaouza uyoga barabarani mwanzo wa mvua wanalijua jambo hili kuliko sisi tulio na vyeti. Uyoga ule unaota chini ya mitundu, miyombo na mikusu kwa kuwa nyuzi zake zimeshikamana na mizizi ya miti hiyo chini ya ardhi; uyoga unausaidia mti kufyonza chakula cha udongo duni, na mti unaulisha uyoga sukari. Ukiondoa mitundu na kupanda mikaratusi, uyoga ule haufuati. Umepanda miti, lakini umeondoa mboga ya watu, nayo haimo katika hesabu ya mtu yeyote.

Kuna jambo jingine ambalo laiti ningalilijua mwaka 1981. Maganda ya mbegu za mtundu na miyombo yakikauka hupasuka kwa kishindo na kurusha mbegu, lakini hazifiki mbali, mita chache tu kutoka kwa mama. Tena mbegu hizo hazidumu udongoni mwaka baada ya mwaka zikingoja bahati. Msitu huu hauweki akiba yake katika mbegu. Unaiweka katika mizizi. Mche wake unaweza kukaa miaka mingi ukionekana kama kijani cha kukanyagwa: kila kiangazi moto unaula, kila mvua unachipua, kumbe chini mzizi unaongezeka unene. Siku moto ukiukosa misimu michache mfululizo, unapanda juu kwa kasi inayowashangaza watu. Ndiyo kusema, mlima ulioungua na kukatwa bado ni msitu uliofukiwa. Mlima uliong'olewa visiki ni habari nyingine.

Juu ya moto wenyewe sina haja ya kubuni. Huko Ndola, nchini Zambia, kuanzia miaka ya 1930 wataalamu walitenga vipande vya miyombo: kimoja kikachomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, kingine mwanzoni mwa kiangazi majani yakiwa bado na unyevu, cha tatu kikalindwa kisiungue kabisa. Trapnell alichapisha matokeo mwaka 1959. Kile cha moto wa mwishoni kilielekea kuwa uwanja wa majani wenye miti ya kuhesabika. Kile cha moto wa mapema kilibaki msitu. Kile kilicholindwa kilisongamana. Na sisi Agosti zetu tulikuwa tukishangilia kile cha kwanza.

Hapa Kigoma ushahidi ulikuja kutoka angani. Mapema miaka ya 1990 Dk. Goodall aliruka kwa ndege ndogo juu ya Gombe, akaona hifadhi imebaki kisiwa cha kijani katikati ya vilima vitupu. Baadaye picha za satelaiti, ambazo za kwanza zilianza kupigwa mwaka 1972, ziliwekwa pamoja na Dk. Lilian Pintea na wenzake, zikaonyesha habari mbili kwa wakati mmoja: nje ya mpaka misitu ilikuwa ikitoweka, na ndani ya mpaka, ambako moto na shoka vilikuwa vimezuiwa, misitu ilikuwa ikisongamana. Hakuna aliyepanda msitu ule wa ndani. Mvua ni ile ile, udongo ni ule ule, mpaka ni mstari uliochorwa na binadamu.

Msidhani kwamba watu wa nje ya mstari walikuwa wajinga. Miaka ya 1970 walikusanywa katika vijiji, wakimbizi walikuja kutoka Burundi na baadaye kutoka Kongo, watoto waliongezeka, na muhogo hauoti juu ya maji. Ndiyo maana mradi wa TACARE, ulioanzishwa na Taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994, ulipokwenda vijijini na habari za miti ulikuta watu wanataka kwanza zahanati, maji, shule na mavuno. Kwa bahati njema waliokwenda walikuwa na masikio. Walianza na hayo, pamoja na vitalu vya miche ya kukua upesi kwa ajili ya kuni karibu na nyumba. Nami nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakipita vijijini na miche. Lakini ilionekana baada ya miaka michache kwamba mlimani, mahali palipoachwa bila moto na jembe, visiki vilivyodhaniwa vimekufa vilikuwa vinatoa miti mirefu kuliko nyumba ndani ya miaka mitano, bila mche hata mmoja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikavipa vijiji nguvu ya kusema, "Hapa ni shamba, hapa ni msitu wetu wa kijiji." Wanakijiji wakatazama picha za satelaiti zilizotandazwa mezani, kila mmoja akitafuta paa lake, wakachora mipaka wenyewe na kuchagua walinzi kutoka miongoni mwao. Siku hizi walinzi hao wanapita na simu mfukoni wakiandika wanachokiona. Si kila kijiji kimefaulu. Mwenyekiti akibadilika, mkaa hurudi. Lakini nimesimama katika misitu hiyo, na nimeokota uyoga humo.

Wenzetu wa Shinyanga walifika mahali hapo hapo kwa njia yao. Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ilianza mwaka 1986, nayo ilipata nguvu pale ilipourudisha utaratibu wa zamani wa Wasukuma wa ngitili, yaani malisho yanayofungwa kwa msimu ili yapumzike.

Najua mtasema, "Bwana Miti, mbona Ujiji imejaa miembe na hakuna aliyelalamika?" Kweli. Miembe ya Ujiji ililetwa na misafara ya kutoka pwani, na mti maarufu kuliko yote mkoani humu, ule ambao Stanley na Livingstone walikutana chini yake mwaka 1871, ulikuwa mgeni kama wao. Ulikwisha kufa zamani, na iliyopo sasa pale kwenye mnara inasemekana ni uzao wake. Sina ugomvi na mwembe. Wala sina ugomvi na mchikichi. Nyumba yetu ilijengwa kwa mawese ya mama, na nafurahi kuona miche bora inatoka Kihinga. Mti wa kigeni ukikaa uani, mpakani, au shambani, ni mgeni mwema. Tabu ni pale tunapomkabidhi mgeni nyumba.

Mfano uko Mahale, kusini mwetu. Katika eneo la Kasoge, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza kazi mwaka 1965, ulipandwa mti wa mapambo wa jamii ya mjohoro, asili yake Amerika, wenye maua ya njano mazuri sana. Watu wakaondoka, hifadhi ikatangazwa mwaka 1985, na mti ule ukaingia msituni ukajitwalia nafasi ambazo miti ya kienyeji ingerudi kuota. Ikabidi watafiti wa hifadhi yetu wenyewe wafanye majaribio ya kuukata na kuuvua magome. Napenda kuongeza kwamba Nishida na Uehara, walipochapisha orodha ya mimea ya kule mwaka 1981, waliiandika kwa majina ya Kitongwe. Watongwe walikuwa na jina la kila mche kabla mtu yeyote hajafika na daftari. Ningalimwuliza yule bibi wangu majina ya visiki vile, ningaliandika taarifa nyingine.

Basi turudi kwenye azimio. Linataka miche 1,000 ya kukua upesi, mashimo kwa mistari, na kibao cha jina kwa kila marehemu. Wiki mbili zilizopita nilipanda mlima huo na vijana wa kidato cha tatu pamoja na mwalimu wao wa baiolojia. Tulipima mraba wa hatua 20 kwa kamba, tukaanza kuhesabu visiki vyenye machipukizi. Vijana walikuwa na hamu mwanzoni, kisha wakachoka. Tuliacha kuhesabu kabla ya kufika katikati ya mraba. Mitundu, mikusu, mibula, na mkurungu mmoja, mti ambao siku hizi watu wanautafuta kwa tochi. Vyote ni mabaki ya mapanga yetu. Vinaungua kila Agosti na vinachipua kila Novemba, miaka 50 sasa. Tukichimba mashimo 1,000 pale, tutamaliza kazi tuliyoianza tukiwa wanafunzi.

Ninapendekeza fedha za miche zifanye mambo mawili. Kwanza, zilipwe kwa walinzi wawili wa kutoka mtaa wa jirani, ambao wanajulikana na wawindaji panya na wenye mbuzi, kwa muda usiopungua misimu mitano. Pili, zinunue vifaa vya kukata barabara ya kuzuia moto kuuzunguka mlima, na kuchoma mapema majani ya upande wa nje kabla hayajakauka. Mikaratusi michache ipandwe kwenye uwanja ule mbovu wa chini, kwa nguzo na fito. Ama jiko la shule, Serikali imekwisha agiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, kwa hiyo mlima hautadaiwa tena na mpishi.

Vibao vya marehemu vibaki. Ila visifungwe kwenye miche ya dukani. Vifungwe kwenye visiki vilivyopo. Juu ya lile jiwe pana, pale tulipokuwa tukipumzika, kuna kisiki cha mtundu chenye machipukizi matatu. Wa bweni langu mtapakumbuka, kwani ndipo mwenzangu wa kitanda cha juu alipojikata muundi kwa panga mwaka 1975 tukambeba hadi chini kwa zamu, naye njia nzima akiulizia mzigo wake wa kuni kama umeachwa. Alibaki na kovu lile maisha yake yote, na sasa jina lake limo katika orodha ya Katibu. Naomba kibao chake kiwe cha kwanza, na kifungwe hapo.

Mkutano ukikubali, tutaanza kukata barabara Jumamosi ya kwanza ya Juni, saa 12 asubuhi. Mapanga yapo stoo. Mwalimu Mkuu ameahidi uji.